Intaneti ya antena ya paani: fundi hodari, dawati la simu dhaifu

Kampuni ninayoiandikia hapa huuza intaneti ya majumbani isiyohitaji faiba: antena ya dishi hufungwa juu ya paa na kuelekezwa kwenye mnara wao, kisha waya mmoja hushuka hadi kwenye rauta sebuleni. Kwetu Tegeta, ambako faiba haijaingia uchochoroni, nimeitumia kwa kifurushi cha megabiti 20, na mchana sikuwahi kuwa na neno nayo. Tatizo lilikuwa jioni. Kuanzia saa moja usiku kasi ilishuka hadi megabiti tatu au nne, na mazungumzo ya video yalikatikakatika.

Dawati la simu lilikuwa na majibu mawili tu: zima rauta uiwashe tena, au kata matawi ya mwembe. Jibu la kwanza nililiondoa kwa kuchomoa rauta na kuunganisha kompyuta moja kwa moja kwenye kiboksi kinachopeleka umeme kwenye antena. Hali haikubadilika, kwa hiyo Wi-Fi ya ndani haikuhusika. La pili halikuwa na mantiki, kwa sababu mti unapoziba njia hupunguza nguvu ya mawimbi yanayopokelewa, ilhali ukurasa wa antena ulionyesha -61 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba ikikaribia sifuri, nguvu ni kubwa zaidi) mchana na usiku. Wao waliisoma namba hiyohiyo kama uthibitisho kwamba kila kitu kiko sawa, na hapo ndipo ninapowalaumu. Nguvu ya mawimbi peke yake haitoshi. Ni sawa na kuongea na mtu mnadani, ambako sauti yake haijapungua ila makelele yameizidi.

Fundi aliyetumwa hatimaye ndiye aliyeiokoa huduma hii machoni pangu. Alikubali kuja usiku, wakati tatizo lipo, na kabla ya kugusa bisibisi alifungua ukurasa wa antena na kulinganisha namba. Kelele, yaani mawimbi mengine yasiyotakiwa, zilizokuwa -92 dBm mchana zilikuwa zimepanda hadi -77, yaani pengo kati ya mawimbi na kelele lilikuwa limeshuka kutoka desibeli 31 hadi 16. Alieleza pia namna ya kutofautisha hali hii na msongamano wa wateja mnarani, ambao nao huja jioni: kukiwa na msongamano, kelele hubaki palepale na antena huendelea kuzungumza na mnara kwa kasi ya juu, ila pakiti, yaani vipande vya data, husubiri foleni; lakini mawimbi yanapoingiliana, antena yenyewe hulazimika kupunguza kasi na kurudia pakiti zilizoharibika. Alipopima masafa yote, alikuta mtambo mwingine wa aina hiyohiyo, ulioelekea upande wetu, umekalia sehemu kubwa ya chaneli yetu, yaani kipande cha masafa tunachotumia, katika 5.8 GHz. Masafa hayo hutumiwa na wengi, hivyo hakuna wa kumfukuza mwenzake.

Aliihamisha antena hadi upande wa pili wa ukuta wa zege unaobeba tangi la maji, ili ukuta ukinge mawimbi ya mtambo ule mwingine huku njia ya kuelekea mnarani ikibaki wazi. Chaneli haikuwa mikononi mwake, kwa kuwa wateja wote wa upande mmoja wa mnara huitumia kwa pamoja, lakini aliwapigia wenzake wa mtandao, nao wakaipunguza kutoka upana wa 40 MHz hadi 20 na kuisogeza mahali penye utulivu, wakiepuka eneo la 5.6 GHz linalotumiwa na rada za hali ya hewa. Chaneli nyembamba hupunguza kasi ya juu kabisa kwa takriban nusu, ila huokota kelele chache zaidi. Kwa kifurushi changu hasara hiyo haionekani, ingawa mwenye kifurushi kikubwa angeiona.

Sasa jioni napata megabiti 17 hadi 19, na nimelipia tena. Kwa mtu wa mtaa usio na faiba ningeipendekeza, mradi adai kuonyeshwa kiwango cha kelele usiku, na siyo vile vijiti vitano vya programu yao ya simu, ambavyo kwangu vilikuwa vimejaa muda wote wa matatizo. Ada ya kuja kwa fundi, niliyotozwa kwa kosa lisilotoka nyumbani kwangu, bado naidai.