Gurudumu la rangi la mfukoni: zuri kwa anayeanza, ila angalia zambarau

Gurudumu hili la karatasi ngumu, la kumsaidia mchoraji kuchanganya rangi, lina rangi 12 zilizopangwa kwa duara. Utamu wake uko kwenye rangi zinazotazamana, mfano nyekundu na kijani: zikipakana hung'arishana, zikichanganywa huuana na kuwa kahawia au kijivu. Kwa hilo peke yake linastahili kununuliwa.

Kasoro yake si ndogo. Linaonyesha zambarau safi itokanayo na nyekundu na buluu, wakati nyekundu nyingi zina umanjano ndani yake, hivyo utaishia na rangi ya matope. Badala ya nyekundu, tumia majenta, yaani nyekundu inayoelekea waridi.

Ule ukanda wa kijivu ulio kwenye gurudumu, wenye ngazi 10 za weupe hadi weusi, usiupuuze hata kidogo: uweke kando ya mchoro, finya macho, utaona mara moja kama mwanga na kivuli vimeachana vya kutosha.