Rili ya baharini isiyotaka maji ya chumvi: uzoefu wangu

"Wewe mzee, hii imeingia maji ya chumvi. Maji ya chumvi hayamo kwenye gharanti."

Maneno hayo niliambiwa na kijana aliyeniuzia rili ya kuvulia baharini, yaani kile kigurudumu cha kukunjia uzi kwenye ufito, ndani ya duka lenye picha ya papa ukutani, papa mkubwa kuliko mlango. Hata uso hakuinua. Jicho kwenye simu, kidole kimoja kinaisukuma rili yangu huku na huku juu ya kaunta. Nikamuuliza, "Mwanangu, sasa papa nikamvulie kwenye beseni?" Akanijibu ndivyo kampuni ilivyosema, akaanza kumhudumia mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Duka silitaji. Wanaovua Mombasa watalijua kwa hiyo picha, na kampuni iliyotengeneza rili siitaji pia, kwa sababu nitakayoieleza huko mbele. Uwiano wa gia, idadi ya beringi, uzito, hayo yameandikwa kwenye boksi na mtayapata wenyewe. Mimi nazungumzia mita. Nilinunua kitu cha kutupa mbali.

Mimi huvua nikiwa nimesimama nchi kavu, upande wa Mambrui, kaskazini ya mdomo wa mto Sabaki. Kwa asiyepajua: kutoka Malindi kushuka Watamu kuna mwamba mbele ya ufuo, lakini Sabaki inabeba tope la bara, na matumbawe na tope hawaishi nyumba moja. Kwa hiyo pale mdomoni na kuendelea ni mchanga mtupu, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mawimbi yanavunjika safu baada ya safu. Taa, papa wadogo, na kolekole siku ukijaliwa, wanapita kwenye mkondo ulio nyuma ya safu ya mbali. Ukitupa mita sitini umelisha kaa. Tena kusi likivuma, hata hizo sitini huzioni.

Kwa miaka nilitumia rili aina ya Ambassadeur 6500 ya marehemu ami yangu, kazi ya Sweden, rangi imechubuka yote na kile kidude cha kupanga uzi kilitolewa zamani, maana kinakula mita. Uzi unaupanga mwenyewe kwa kidole gumba unapovuta, kushoto kulia, kushoto kulia. Rili ile haikuwahi kunitukana. Ila mkono wake ulianza kuteleza kila samaki mzito aliposhika, na vipuri kuviagiza ni safari ndefu. Mtu mmoja pale Malindi akataka kuniuzia rili iliyotoka kwenye mashua za watalii, zile za kuvulia nduaro na sulisuli, jipande la chuma kama injini ya cherehani. Nikamshukuru. Hizo ni za kukokota chambo nyuma ya mashua. Spuli yake, yaani kile kibiringo kinachobeba uzi, ni nzito, kuianzisha kuzunguka ni kazi na kuisimamisha ni kazi nyingine. Ya kutupia inatakiwa spuli nyepesi na nyembamba.

Nikaenda Mombasa nikanunua mpya. Bei siisemi, mke wangu naye ana simu.

Sasa kabla sijawaka tena, niwaeleze wale waliozoea rili ya kawaida, ambayo spuli imetulia tuli na uzi unamwagika kwa mbele. Hii yetu ya maltiplaya, spuli yenyewe ndiyo inayozunguka uzi ukitoka. Ukirusha, chubwi, kile kipande kizito cha kuzamishia chambo, linaondoka kwa kasi, spuli inashika mbio. Halafu chubwi linaanza kupoteza kasi hewani, lakini spuli haina habari, bado inakimbia, inamwaga uzi ambao hauna wa kuuchukua. Uzi unafura, unajisokota, unakuwa kiota cha mnana. Ndiyo maana kuna breki. Nyingine ni vijipande vinavyotupwa nje spuli ikienda kasi na kujisugua kwenye ukingo, nyingine ni sumaku. Yangu ilikuwa ya sumaku, ina kitufe ubavuni, namba 0 mpaka 10. Spuli ni ya alumini na sumaku hainasi alumini, lakini spuli ikizunguka mbele yake umeme mdogo unazuka ndani ya ile alumini na kuishika. Ikienda kasi zaidi inashikwa zaidi, ikipoa inaachiwa. Mimi niliposimuliwa hili mara ya kwanza nilidhani nadanganywa.

Jaribio nililifanya uwanja wa shule ya msingi, jioni ya Jumamosi, watoto hawapo. Ufito wa futi 13, chubwi la gramu 150, uzi wa milimita 0.35, na mbele yake uzi mnene wa kuhimili ratili 60. Huo mnene si mapambo. Kanuni ya watupaji ni ratili 10 kwa kila aunsi ya chubwi, na gramu 150 ni aunsi tano na ushei. Uzi mwembamba peke yake utakatika mkononi mwako unapovuta nguvu, na chubwi likienda bila uzi ni risasi kweli. Mpwa wangu alikuwa mwisho wa uwanja na futi kamba ya mafundi ya mita 50.

Ambassadeur ya ami kwanza, ili nipate kipimo. Mara tatu, na bora yake mita 96.

Kisha mpya. Kitufe nimekiweka 10, breki yote, kama mwanafunzi. Nikafungua klachi inayoiachia spuli izunguke, nikabana spuli kwa gumba, nikazungusha kiuno, nikaachia. Nikasikia mlio ambao sijawahi kuusikia kwenye rili, kama nzi amenaswa ndani ya kopo. Nilipotazama chini spuli haionekani, ni kichaka cha nailoni. Halafu *pa!* Uzi umekatika nyuma ya fundo, na chubwi linaendelea na safari zake. Kimya. Kisha kishindo juu ya mabati ya choo cha shule, na askari akatoka mbio na rungu kuuliza nani anapiga mawe.

"Mjomba," mpwa wangu akapaza sauti kutoka kule, "hiyo tunapima?"

Nilikaa chini ya mwarobaini dakika arobaini nikifumua kiota kile kwa ncha ya ndoana. Nikaweka uzi mpya. Nikarudia. Kiota. Kitufe 10, kitufe 5, kitufe 0, kote sawa. Hapo ndipo nilipokaza ile skurubu ndogo ya pembeni inayobana ncha za ekseli ya spuli. Nikaikaza, nikaikaza tena, mpaka viota vikakoma. Nikatupa vizuri, bila vurugu. Mpwa akanyoosha futi kamba: mita 74. Rili mpya, inashindwa na rili ya marehemu kwa mita 22!

Nikaipa rili nafasi nyingine siku ya bamvua pale Mambrui, alfajiri, upepo unapuliza kutoka bara, yaani unanisukumia mgongoni. Chambo ngisi. Wenzangu wawili wanatupa nyuma ya safu ya tatu, mimi chambo changu kinaangukia kwenye povu. Mmoja alipata taa wa kujaza karai. Mimi nilipata mwani. Na rili ikaanza kusaga, unasikia kabisa mchanga-mchanga ndani ukiizungusha.

Ndipo nikaenda Mombasa, ndipo nikaambiwa "wewe mzee".

Niseme ukweli, kilichoniuma si pesa. Nimetoka Malindi kwa matatu, nimeiosha rili kwa maji baridi, nimeifuta, nimeirudisha kwenye boksi lake na karatasi zake. Salamu nimetoa, haikujibiwa. Mtoto wa pwani hajibu salamu! Nikamwambia taratibu, breki haishiki, jaribu mwenyewe hapa. Akazungusha mkono mara mbili, akasema inazunguka. Nikamwambia najua inazunguka, tatizo haisimami. Akasema rili zikisimama watu hulalamika pia. Nyuma yangu mtu akacheka. Nikaichukua rili yangu nikatoka, na mpaka nimefika Kilifi bado namjibu kichwani, majibu mazuri mazuri ambayo yangefaa kule dukani.

Usiku huo nilikuwa nimeshaamua kuandika hapa kwamba rili hii ni takataka, asiinunue mtu. Bahati nzuri umeme ulikatika.

Mtaani kwetu kuna fundi cherehani, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Nikampelekea, si kwa matumaini, ni kwa kulia tu shida zangu. Akatandaza kitambaa cheupe, akaondoa skurubu tatu, akafungua bamba la ubavuni, akatulia. Kisha akaniita nisogee. Ndani ya bamba kuna kisahani chenye vishimo vya kukalia sumaku, kila kimoja na alama ya gundi. Vishimo vilikuwa vitupu. Sumaku zote, ndogo kama dengu, zilikuwa zimebanduka na kushikana pamoja, zimejibandika kwenye kichwa cha skurubu ya chuma pembeni, kwenye kona. Ukigeuza kitufe, kisahani kinasogea mbele na nyuma, mbele na nyuma, hakijabeba kitu.

Yaani rili haikuwa na breki tangu siku ya kwanza! Nikaruka. Nikasema kesho narudi Mombasa na picha, na yule kijana atanijibu salamu yangu.

"Subiri," fundi akasema. Akatoa beringi ya upande wa pili, akaizungusha kwa penseli mbele ya sikio langu. Ndiyo iliyokuwa ikisaga. "Hii si kiwandani, ami. Hii umekaza wewe."

Nikajitetea kidogo. Lakini ana haki. Ile skurubu ya pembeni kazi yake ni kuondoa mtikisiko wa spuli, basi. Uikaze mpaka spuli isichezecheze kushoto na kulia, halafu uisahau. Ukiigeuza kuwa breki unazibana beringi ubavuni ambako hazikuumbwa kubeba mzigo, na mita zako unazinyonga mwenyewe. Na nilijua. Ami aliniambia nikiwa na miaka kumi na minne.

Fundi akaziosha beringi kwa petroli ya laita, ile iliyoumia akaibadilisha kwa moja kutoka kwenye kopo lake la vitu vidogo, sijui ilitoka kwenye mashine gani, nayo imekaa sawasawa. Tone moja moja la oili ya cherehani, ambayo ni nyepesi. Oili nzito inapunguza kasi ya spuli, wengine huitumia makusudi kama breki. Sumaku akazirudisha kwa gundi ya kuchanganya mirija miwili, akaiacha ikauke usiku kucha. Alinitoza pesa ya soda mbili.

Tukarudi uwanjani, safari hii askari tumempigia hodi kwanza. Nimejaza uzi mpaka umebaki kama milimita 2 chini ya ukingo wa spuli, wala si kujaza mpaka juu kama nilivyofanya mwanzo (haya, hilo nalo lilikuwa kosa langu), na fundo la uzi mnene nimeliweka upande wa mbali na gumba, lisije likanichana. Kitufe 7. Ikatoka kwa mluzi mwembamba, laini, uzi umenyooka angani, na chini ya gumba nasikia spuli ikipungua yenyewe taratibu chubwi linaposhuka. Mpwa alirudi nyuma, akarudi tena, akageuka akakimbia. Mita 109. Kitufe 4, mita 117. Kitufe 3, mita 121 na nusu, na chubwi likagota kwenye ua wa miyaa. Sikuthubutu 2.

Wale wa mashindano ya Ulaya wanaovuka mita 200 kwenye majani wasinicheke. Hao wanazungusha chubwi kama pendulamu, hawana chambo. Ukiweka kipande cha ngisi mita zinapungua palepale. Pale Mambrui sasa nafika nyuma ya safu ya tatu, na hilo ndilo nililolinunulia.

Basi rili ni nzuri. Ni nzuri sana, mkono wa Ambassadeur haujawahi kunipa mrusho kama ule, Mungu amsamehe ami. Lakini nitaisifuje kampuni iliyobandika sumaku kwa gundi ya mate? Nikisema usinunue nitakuwa mwongo, nikisema nunua, wewe ukapata yenye vishimo vitupu utanitukana. Na duka lile msiende. Isipokuwa Mombasa nzima sijaona kwingine wanakouza uzi mnene wa ratili 60 kwa mita, kwa hiyo mtakwenda, kama ninavyokwenda mimi.

Juzi nilipita kununua huo uzi. Kijana yuleyule, hakunikumbuka. Hata salamu aliitikia. Akaniuliza kama nahitaji na rili ya kutupia mbali, akaiweka mezani, boksi lilelile, rangi ileile. Nikamwambia naichukulia jamaa yangu, ila anifungulie kwanza bamba la ubavuni nitazame ndani.

"Ukifungua, mzee, gharanti imekufa."

Nikamwomba bisibisi.