Castle of Good Hope, Cape Town: anzia kwa Doman

Ukiingia katika ngome hii kutaka kuelewa Wakhoikhoi, wafugaji wa asili wa eneo hili, walivyogeuzwa tusi midomoni mwa wageni, usianze na samani. Uliza langoni ilipo sanamu ya Doman, kiongozi wa Wagoringhaiqua, mojawapo ya jamii za Wakhoikhoi. Ilizinduliwa 2016 pamoja na za watawala wa Kiafrika Cetshwayo, Langalibalele na Sekhukhune, na peke yake inatosha kuifanya ngome istahili kutembelewa.

Wageni wengi hudhani Doman alipambana na kuta hizi. Sivyo. Vita vyake na Waholanzi ni vya 1659 hadi 1660. Jengo hili la mawe lenye ncha tano lilianza kujengwa 1666, likakamilika 1679. Ngome ya wakati wake ilikuwa ya udongo na mbao, karibu na ulipo sasa uwanja wa Grand Parade, hatua chache nje ya lango. Ugomvi ulikuwa malisho: tangu 1657 Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki iliwagawia wakulima wake ardhi ambayo Wakhoikhoi walichungia ng'ombe.

Mkusanyo wa William Fehr, wa michoro na samani za kale ndani ya ngome, unapendeza macho, ila utazame kwa tahadhari. Michoro ya enzi hizo ni ya jicho la mkoloni, na maelezo yake ya zamani mara nyingi hutumia "Hottentot", jina ambalo Waholanzi waliwabandika Wakhoikhoi karne ya 17, huku wakiidhihaki lugha yao yenye vidoko. Wagoringhaiqua, Wacochoqua na wengine, kila jamii na viongozi wake, wakafutwa ndani ya neno moja. Kisha likaingia kwenye sheria. Tangazo la Waingereza, waliotawala hapa baada ya Waholanzi, la 1 Novemba 1809 liliwalazimisha walioitwa hivyo kuwa na makazi yaliyosajiliwa na kubeba pasi wanaposafiri. Asiye na pasi alihesabiwa mzururaji na kukamatwa, kwa hiyo wengi walisukumwa kwenye vibarua vya mashamba ya walowezi. Masharti hayo yalifutwa 1828. Tusi likabaki, na linaumiza hadi leo.

Mwongozaji akilitamka kama jina la kawaida, mwombe aseme Wakhoikhoi, au bora zaidi ataje jamii yenyewe. Muulize pia habari za Krotoa, mkalimani wa Kikhoikhoi aliyefariki 1674.

Tenga saa mbili. Mwenye haraka aruke makumbusho ya kijeshi, aende Grand Parade kungali na mwanga.