Vidonda 23 kwenye boneti, fundi mmoja wa Nyakato na kijiti cha meno

Gari yenyewe ni Toyota IST ya silva, ya 2005, na kila Jumatano na Jumamosi inanipeleka Geita na vitenge vyangu na kunirudisha Mwanza. Sasa kama unapita hiyo njia unajua. Zamani pale Kigongo tulikuwa tunakaa foleni ya pantoni ya kuvuka ziwa mpaka unanunua hindi la kuchoma unalimaliza unanunua lingine, tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 zile kilomita tatu unazivuka ukiwa bado unatafuta stesheni ya redio, na hapo ndo balaa la boneti yangu lilipoanza, maana malori nayo hayasubiri tena, kila mtu anakimbia, na wewe uko nyuma ya tipa la kokoto halijafunikwa turubai unasikia ta! ta! ta! kama mtu anakaanga bisi juu ya gari. Mji wenyewe ni wa mawe, watu wanaponda kokoto pembeni ya barabara kila kona, kwahiyo kokoto huku hazitaisha leo wala kesho.

Mwanzoni nilidharau. Vidoti vidogo vidogo, nikadhani ni uchafu, nikawa nasugua sugua kawoshi mpaka kijana wa pale akaniambia mama hii siyo taka, rangi imetoka. Mvua za masika zikapiga, viwili vikaanza kuwa na kahawia katikati. Hapo ndo nikashtuka, kutu ikishaingia chini ya rangi haikai sehemu moja, inatambaa kimya kimya halafu siku moja unakuta rangi imevimba kama andazi.

Nikafanya ujinga, nikapaka rangi ya kucha. Ndio, ya kucha, ya silva, niliyonunua kwa ajili ya harusi ya wifi yangu. Kwa mbali ilipendeza, jua la saa sita likipiga ilikuwa inang'aa kama pipi na baada ya wiki tatu ikaanza kumenyeka yenyewe. Msicheke, najua mko wengi.

Kilichonifanya nisikimbilie gereji ni kwamba nilishaungua. Gari yangu ya zamani, Raum, nilipeleka boneti ikapigwa rangi yote kwenye gereji moja ambayo jina silitaji, laki na ishirini. Ilirudi inang'aa nikafurahi, kesho yake nikaiangalia juani: rangi ya boneti ni ya baridi, ya fenda ni ya moto, yaani kama umevaa blauzi ya suti moja na sketi ya suti nyingine. Ukiinama unaona rangi ina vibonyeo kama ngozi ya chungwa, na vumbi limegandia humohumo ndani ya klia, ile vanishi ya juu inayong'aa, kuna sehemu na kimdudu kizima, miguu yote. Na ubaya wenyewe ulikuja baadaye, kokoto ya kwanza tu ikabandua kipande cha ukubwa wa sarafu ya mia mbili, kwa sababu hawakupiga msasa vizuri rangi ya chini, mpya haikushika. Rangi ya kiwandani kokoto inatoboa kidoti. Hii ilikuwa inabanduka kama ganda la yai.

Kwahiyo safari hii nilitaka mtu wa kuziba kidonda kimoja kimoja, abakize rangi ya Japani mahali pake. Mafundi wanne niliowauliza, wa Igoma mpaka Mabatini humu humu Mwanza, wote jibu moja: "Dada tupige yote, hizo doti hatuchezi nazo." Nawaelewa, kupiga yote ni hela ya haraka.

Nikaelekezwa na dereva wa bajaji kwa huyu wa Nyakato. Gereji haina jina, kibao kimeandikwa kwa mkono RANGI NA BODI, kiko upande wa viwandani. Mzee wa makamo, Msukuma, nikamsalimia mwangaluka akacheka akaniitikia, halafu akazunguka gari bila kusema kitu. Akalowesha boneti na maji, akalaza kichwa pembeni akaangalia kwa ubavu kama mtu anayekagua kitambaa. Akaanza kubandika vipande vya masking tepu kila penye kidonda. Vikafika 23. Mimi nilikuwa nimehesabu tisa.

Akaniambia, "Mama, hii siyo ya kupiga rangi, hii ya kutibu. Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye oveni, sisi hapa tunakausha kwa jua na hadena, ile dawa ya kugandishia. Ukiikwangua yote umetupa kitu ambacho mimi sina uwezo wa kukurudishia."

Hapo hapo nikampenda.

Akanituma duka la kuchanganya rangi. Kabla hujaenda fungua boneti, angalia kile kibati kilichopigwa kwenye ukuta nyuma ya injini, kwa Toyota hizi zetu za kutoka Japani kinakuwa pale, kuna mstari wa rangi una namba yenye herufi au tarakimu tatu. 040 ni ile nyeupe ya kawaida, 202 nyeusi, silva na kijivu zinaanza na 1. Piga picha na simu. Usiende dukani kusema "naomba silva", silva za Toyota ziko kibao na hazifanani hata kidogo.

Dukani kijana akaingiza namba kwenye kompyuta, akapima kwenye mzani matone kwa matone. Akapaka kwenye kikadi, tukatoka nje kulinganisha na gari. Ya kompyuta ilikuwa sawa na gari likiwa jipya, ila gari langu limekula jua la Mwanza miaka kibao, ikabidi aongeze tone la nyeusi, tukatoka tena, tone lingine, mara tatu hivyo. Duka nawapa nyota tano zote kwa huo uvumilivu. Kosa lao moja, walisahau kuniambia kwamba rangi ya metaliki lazima uitikise haswa kabla ya kila tone kwa sababu zile chembe za kung'aa zinazama chini, fundi ndo aliniambia. Rangi elfu kumi na nane, klia kichupa kidogo elfu saba. Klia usiache, silva bila klia juu inabaki kavu kama chokaa.

Sasa kazi yenyewe, nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikaangalia mwanzo mwisho maana sikuamini. Kwanza kaosha na sabuni ya vyombo kutoa waksi yote niliyokuwa napakiwa kawoshi, rangi haishiki juu ya mafuta. Akafuta kila kidonda na spiriti. Vile viwili vya kutu akachukua sindano ya kushonea magunia, akakwangua taratibu mpaka chuma kikang'aa cheupe, hapo akaweka tone la praima, ile rangi ya chini ya kushikisha, peke yake akaacha likauke. Vingine vilikuwa havijafika kwenye chuma, unaona kijivu cha praima ya kiwandani chini, hivyo hakuvichimba.

Halafu akatoa vijiti vya meno. Nikajua anataka kula. Kumbe ndo brashi yake. Ile brashi inayokuja kwenye kifuniko cha kichupa akasema hiyo ni ya kupaka ukuta, inamwaga rangi nje ya kidonda. Anachovya ncha ya kijiti, anagusa katikati ya kidonda tu, tone linajitandaza lenyewe mpaka ukingoni. Anahamia kingine. Akimaliza 23 anarudi cha kwanza kimeshakauka na kimenywea, anaongeza. Mizunguko mitatu ya rangi, miwili ya klia, mpaka kila kimoja kikawa kimevimba kidogo kuliko boneti, ukipitisha kidole unahisi vipele.

Nikamwambia fundi mbona umenipa gari lenye tetekuwanga. Akasema nenda nayo hivyo hivyo, rudi baada ya wiki, ikiwa mbichi ukipiga msasa itang'oka yote. Na usioshe na ile mashine ya presha.

Wiki ile niliteseka. Shoga yangu aliniuliza kama nimelipa hela kwa hilo.

Niliporudi alikuwa amekata msasa wa maji namba 2000 viduara vidogo, kabandika kwenye ufutio wa nyuma ya penseli. Penseli ya mtoto wa shule kabisa. Analowesha maji ya sabuni, anazungusha juu ya kipele kimoja, anafuta, anaangalia, anazungusha tena, kwahiyo msasa hauli klia ya jirani. Hapa ndo pa kuogopa kama unataka kujaribu mwenyewe nyumbani, rangi yote ya gari kutoka chuma mpaka juu ni unene kama wa karatasi moja ya fotokopi, na klia ni sehemu tu ya huo unene, ukisugua kwa hasira umetoboa. Mwisho kampaundi, ile dawa ya kung'arishia, kwa kitambaa laini, mkono tu, hakuwasha mashine.

Matokeo: ukisimama hatua mbili huoni kitu. Ukisogeza pua unaona, hasa jua la jioni likija kwa ubavu, maana chembe za silva zikiwekwa kwa tone hazilali kama zilizopulizwa kwa bunduki ya rangi. Fundi mwenyewe aliniambia kabla, silva ndo ngumu kuliko zote, ungekuwa na nyeupe ya 040 ningevificha kabisa. Viwili kati ya 23 vilibonyea nikamrudishia, akaongeza bure.

Ufundi elfu sitini. Jumla na rangi ni elfu themanini na tano.

Malalamiko yangu kwake: muda. Aliniambia saa mbili asubuhi nikafika, yeye akafika saa nne na nusu na samosa mkononi. Risiti hana. Na anafanyia kazi chini ya mwembe, ndege wawili watatu wanakuangalia toka juu, siku ya klia ilibidi tufunike na kanga yangu. Nne kati ya tano, ile moja ni ya samosa.

Nikamuuliza sasa nizuie vipi zisirudi. Akasema waksi hazizuii jiwe, hizo dawa za keramiki za kupaka juu ya rangi zinazouzwa laki kadhaa nazo hazizuii jiwe, zinasaidia maji kuteleza na uchafu kutoka kirahisi, basi. Kinachozuia ni ile stika nene ya uwazi, au kukaa mbali na lori. Nikatafuta ya stika mjini. Hapo kuweni makini maana kuna aina mbili na kwa macho zinafanana: ya poliyurithini ambayo inavutika kama mpira na mikwaruzo midogo inajifuta ukimwagia maji ya moto, na ya plastiki ya kawaida ambayo juani inageuka njano na kukakamaa, kuitoa baadaye ni msiba. Mimi niliomba kipande cha mabaki, nikakikwaruza na funguo nikamwagia chai ya moto ya mwenye duka. Alama ikapotea. Mwenye duka hakufurahi ila nilinunua.

Sikuweka boneti nzima, bei ilinishinda. Niliweka mbele tu, kama sentimita arobaini kutoka kwenye grili, ndo panapopigwa zaidi, laki moja na sitini. Kasoro: pale stika inapoishia pana mstari, na vumbi la Usagara linakaa pale kama limepangishiwa chumba. Inabidi upitishe brashi ya meno.

Na wale wadudu wa ziwani jamani, wanaopaa kama moshi. Ukipita Jumamosi jioni boneti yote ni supu, ukiacha ikaushwe na jua la kesho inakula klia, na ukikwangua kavu unajikwaruzia mwenyewe. Nalowesha taulo, nalilaza juu ya boneti robo saa, nanyanyua, wanatoka wote bila kusugua. Hilo bure.

Kuhusu kukaa mbali na lori, mwanangu wa form four alinipigia hesabu ya fizikia, nguvu ya pigo inakua kwa mraba wa mwendo, ukitoka 80 ukienda 100 jiwe lilelile linakupiga kwa nguvu zaidi ya mara moja na nusu. Nilimwambia asante, kachote maji. Ila nimepunguza.

Ni miezi minne saivi. Vile viwili vya kutu havijarudi, navigusa kila nikiosha gari. Jumamosi iliyopita nimepata kipya, juu karibu na waipa, stika haifiki huko. Kichupa kilibaki zaidi ya nusu, nakitunza kabatini siyo ndani ya gari maana joto litakigandisha, na vijiti vya meno nimenunua boksi. Rangi ya kucha nimemrudishia wifi.