Jioni ya kuonja vyakula Langoni, Lamu: uzoefu wangu

Mkate wa mofa, ule wenyewe wa mtama uliookwa kwenye tanuri la udongo, sikuwa nimeuonja kwa miaka kumi na tisa. Nyumbani kwetu Malindi, mtaa wa Shela (ndiyo, kama Lamu, Malindi nayo ina Shela yake), tanuri lilikuwa uani karibu na mpapai. Lilipopasuka, mama hakulitengeneza tena. Mkate wa slesi ulikuwa dukani, na sisi watoto tulikuwa tumeshauzoea. Kwa hiyo mwenzangu mmoja kazini aliponiambia kwamba kuna akina mama Lamu wanaoandaa jioni ya kuonja vyakula, na kwamba mofa huokwa palepale mbele ya wageni, sikuuliza swali la pili. Niliomba ruhusa ya siku mbili nikaenda.

Hata hivyo nilikwenda na wasiwasi. Mwaka uliotangulia nilihudhuria shughuli ya namna hii katika hoteli moja Malindi, nikalipa shilingi 2,500. Vyakula vilipangwa mezani kwenye vyombo vya kupashia moto, kila kimoja na kikaratasi cha jina lake. Wali wa nazi ulipikwa kwa tui la pakiti. Mtu aliyezoea nazi ya kukunwa hulijua tui hilo kabla hajaweka tonge mdomoni, kwa sababu wali wake haunukii. Samaki wa kupaka alikuwa samaki wa kukaanga aliyemwagiwa mchuzi wa manjano. Nilipouliza ni nani aliyepika, kijana aliyekuwa akigawa sahani alinijibu kwamba wapishi wako ndani na hawatoki. Nilitoka pale nimeshiba, lakini iliniuma. Wageni walioketi nami meza moja walirudi kwao wakiamini kwamba wameonja chakula cha pwani.

Safari ya Lamu nitaipita haraka. Basi la asubuhi kutoka Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe, halafu mashua. Tuliambiwa tukutane Mkunguni, mbele ya ngome, baada ya swala ya Alasiri. Tulikuwa kumi na mmoja: kundi la watu sita kutoka Nairobi, familia ya watu wanne wa Mombasa, na mimi. Kijana aliyetupokea akatuongoza kwa Usita wa Mui, njia kuu ya mji, hadi mtaa wa Langoni, tukipishana na punda waliobeba magunia ya nazi na mifuko ya saruji.

Kijana yule alikuwa mchangamfu na mwenye adabu, ila alisema jambo moja ambalo nadhani inafaa lirekebishwe. Alituambia kwamba kila tutakachokula jioni hiyo kimekuwa kikiliwa Lamu tangu mji uanze, zaidi ya miaka 700 iliyopita. Sivyo. Viazi, nyanya, mahindi, muhogo na hata pilipili asili yake ni Amerika, na vilifika pwani hii baada ya Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafikisha Malindi mwaka 1498. Mchele na nazi vilikuja kwa njia ya Bahari ya Hindi, mapema zaidi. Mtama ndio mwenyeji, ni nafaka ya Afrika hii hii. Maana yake mtama wa mofa umetangulia mahindi ya ugali kwa karne nyingi, na hilo peke yake ni sababu tosha ya kuueleza vizuri kwa mgeni. Nilimwambia kando, naye akalipokea vizuri akaniuliza maswali njia nzima.

Nyumba yenyewe ni ya kale, ya mawe, yenye daka (ukumbi wa nje) mlangoni na kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati kilicho wazi juu. Akina mama walikuwa watano. Tulikaribishwa kwa birika na bakuli la kunawia, mikeka ikatandikwa, na kabla ya kupewa chochote tuliambiwa nani anapika nini. Hapo moyo wangu ukatulia. Mama wa mtama, mama wa samaki, mama wa pweza, mama wa wali, na msichana wa vitamu, kila mmoja akiwa amekaa mbele ya moto wake.

Mama wa wali aliposikia natoka Malindi aliniita. "Ndoo (yaani njoo) mwanangu, wajua kukuna?" Nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia, nikapewa nusu ya nazi. Nilikuwa nimekuna mizunguko mitatu tu akanishika mkono. Nilikuwa nakaribia kifuu, na akanionyesha zile chembe za kahawia kwenye sinia. "Hizi zitatia tui weusi. Zungusha nazi, usiikandamize." Nazi iliyokunwa ikaingia kwenye kifumbu, kile kifuko cha kukamulia, pamoja na maji kidogo ya uvuguvugu, akakamua. Kasimele, yaani tui zito la kwanza, akaiweka kando kwenye bakuli. Akatia maji mara ya pili, akakamua tena, na tui hilo jepesi ndilo alilochemshia mchele. Kasimele ikamwagwa mwisho, wali ulipokuwa karibu kukauka, sufuria ikafunikwa na makaa yakapaliwa juu ya mfuniko. Kwetu tunafanya hivyohivyo isipokuwa chumvi: sisi huitia kwenye maji, yeye huikoroga ndani ya kasimele. Nimeshaijaribu njia yake nyumbani mara mbili na sirudi nyuma.

Lakini nilikuwa nimefuata tanuri, na hapo nilikaa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Kuni zilikuwa zimeungua zikabaki makaa chini. Mama wa mofa alirusha matone ya maji ukutani kwa ndani, akasikiliza. Mara ya kwanza maji yalichirizika, akasubiri. Mara ya pili yakalia mara moja yakapotea, naye akasema sasa. Unga ulikuwa umeumuka usiku kucha. Ulikuwa na harufu ya uchachu, na rangi yake kama ya udongo uliolowa. Unga wa mtama haunati kama wa ngano, haukandiki ukavutika, kwa hiyo alikuwa akiuchota kwa mkono uliolowa na kuufanya duara palepale kiganjani. Kisha akauchovya mkono mzima kwenye ndoo ya maji hadi kiwikoni, akauingiza tanurini, akaubandika mkate ukutani kwa pigo moja, akautoa. Mkono ulikuwa unafuka mvuke. Akarudia, mikate tisa, na kila mara mkono ulipita majini kwanza. Mmoja ulianguka makaani. Hakuuangalia mara mbili, akachota mwingine.

Nilimuuliza kama alishawahi kuungua. Alinionyesha mkono: hauna hata unywele mmoja kutoka kwenye vidole hadi kiwiko, na kovu moja tu, la zamani, la siku aliyosahau ndoo.

Mikate ilibanduliwa kwa kijiti cha chuma. Ule wa kwanza aliupasua katikati akanipa kipande kabla ya kuuweka kwenye sinia. Nje ulikuwa mgumu, upande uliogusa ukuta una madoa meusi na harufu ya udongo wa moto. Ndani laini, mchachu kidogo. Sitaki kueleza zaidi ya hapo, nitaharibu. Nilikula kipande cha kwanza kikavu, cha pili na mchuzi wa pweza wa nazi, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mofa na pweza huenda pamoja: mkate hunyonya mchuzi bila kuvurugika mkononi, na uchachu wake hukata uzito wa tui.

Pweza alikuwa laini bila kuwa kama uji. Mama aliyempika alitueleza kwamba pweza huyo aliletwa asubuhi hiyo kutoka mwambani, maji ya bamvua yalipokupwa. Wanaopanga kwenda wazingatie hili: uliza mwezi. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu maji hukupwa sana, mwamba huwa wazi, na pweza hupatikana kwa wingi. Mimi nilikwenda Januari, wakati wa upepo wa kaskazi, na samaki walikuwa wengi. Kipindi cha upepo wa kusi bahari huchafuka, na sidhani jioni kama hii inaweza kuwa ileile.

Samaki wa kupaka alikuwa wa aina ya changu, amechomwa kwanza juu ya makaa, halafu akapakwa tui zito lenye tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na pilipili, akageuzwa, akapakwa tena, mara nne au tano mpaka tui likamshika kama ngozi ya pili. Watoto wa familia ya Mombasa walimmaliza mmoja kabla wakubwa hawajafika. Achari ya maembe ilikuwa nzuri. Viazi vya karai na ukwaju, vya kawaida.

Sasa kasoro, maana zipo, na nimewaambia wenyewe kabla ya kuziandika hapa. Ya kwanza ni mpangilio wa saa. Wali ulipakuliwa adhana ya Magharibi ikiwa karibu. Tulisimama kwa swala, jambo ambalo ni sahihi kabisa, lakini tuliporudi ulikuwa umepoa, na wali wa nazi uliopoa hauna raha. Wauanze mapema nusu saa, au waupakue baada ya swala. Ya pili, vitamu vilikuwa vingi mno. Vibibi, mkate wa sinia, kaimati, visheti na halua, vyote kwa pamoja, watu wakiwa wameshashiba. Msichana aliyevitengeneza alikuwa amekesha, na nusu ya kazi yake ilirudi jikoni. Iliniumiza kuona. Vibibi na halua vingetosha, pamoja na kahawa tungu (chungu) iliyomiminwa kutoka kwenye dele, birika la kahawa, ambayo ilikuwa nzuri sana.

Ya tatu ni kwa sisi wageni. Mmoja wetu alimpiga picha mama wa mofa bila kumuomba, akiwa ameinama tanurini na leso imemteleza. Mama hakusema kitu, aligeuza uso tu, lakini kwa dakika kumi zilizofuata hakuzungumza na mtu. Ombeni ruhusa. Akina mama wale ni wakarimu na watawakubalia, lakini wapeni nafasi ya kujisitiri kwanza. Na vaeni nguo za heshima, mnaingia nyumbani kwa watu.

Bei ni shilingi 1,800 kwa mtu mzima, nusu kwa mtoto, na unalipa baada ya kula, taslimu au kwa M-Pesa. Niliuliza pesa zinagawanywaje, kwa sababu ya yale niliyoyaona Malindi. Waliniambia gharama za sokoni hutolewa kwanza, mwenye nyumba hupata fungu lake, na kinachobaki hugawanywa sawa kwa wote watano. Ningelipa hata zaidi. Kwa shilingi 700 pungufu ya ile ya hotelini, nilikula chakula kilichopikwa mbele yangu na mtu ninayeweza kumsalimia tena nikirudi, nikarudi na mambo mawili mapya ya kufanya jikoni kwangu.

Usiku ule, nikiwa darini kwa mwenyeji wangu, nilimpigia mama simu. Nikamweleza tanuri, ndoo ya maji, mikate tisa. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza jambo moja: mtama ulisagwa mashineni au ulitwangwa? Sikujua. Asubuhi nilipita Langoni kuaga, nikauliza. Mama wa mofa akacheka, akasema swali hilo si langu, ni la mtu anayejua. Husagwa mashineni, lakini wao huupepeta na kuutwanga tena kidogo kinuni, kwa sababu unga wa mashine pekee humeng'enyeka ukutani.

Nikampigia tena mama nikiwa gatini. Alinyamaza kidogo. Halafu akaniuliza basi la Mokowe huondoka Malindi saa ngapi.