Mbuzi ya kukunja, kwa mume anayeanza kuingia jikoni

Wali wa nazi hauchoshi kupika. Kinachochosha ni kukuna na kukamua, na hapo ndipo mume angeanzia, hasa mke akiwa ndani ya arobaini na mama mkwe hayupo. Chombo chake ni mbuzi ya mbao inayokunjika, yenye chuma cha meno mbele.

Ukiinunua Marikiti au Kongowea, masoko ya Mombasa, ikunjue uikalie palepale. Ikiyumba, iache; mbuzi inayoyumba hurusha mkono kwenye meno. Tikisa chuma: kikicheza kwenye misumari leo, mwezi ujao kitang'oka. Meno yawe makali na yamepangika sawa, kwani butu huponda nazi badala ya kuikuna, na nazi iliyopondwa haitoi tui vizuri. Kasoro yake kubwa ni ufupi. Mwanamume mrefu magoti humfika kifuani, na mgongo utalalamika akikuna zaidi ya nazi mbili.

Nazi ipasuliwe kwa mgongo wa kisu kizito, ukiizungusha kiganjani, maji yakingwe. Maji yakinuka uchachu, tupa yote. Kisha zungusha kifuu juu ya meno, usikwame mahali pamoja. Ukiona weupe umeanza kuchanganyika na ngozi ya kahawia, acha. Hapa ndipo wanaume wengi huharibu: wanakuna mpaka kifuu kilie, halafu wanauliza kwa nini tui limekuwa la kijivu.

Nazi moja iliyokomaa inatosha vikombe 2 vya mchele. Tia nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, fikicha, kamua kwa kifumbu, kile kichujio cha kusuka: hilo ni kasimile, tui zito, liweke kando. Machicha yaongeze vikombe 2 na nusu vya maji, ukamue tena upate tui jepesi. Jepesi ndilo la kuchemshia mchele na chumvi. Kasimile huingia maji yakikaribia kukauka, kisha funika na upalie makaa. Kwenye mchuzi, kasimile likichemka kwa nguvu bila kukorogwa hukatika, mafuta yakaelea peke yake.

Mashine ya sokoni ni ya haraka, hatukatai, na kwa nazi kumi za karamu hatungekuna kwa mkono. Ila nazi iliyokunwa asubuhi, kwa joto la Mombasa, jioni imeshachacha, na mume anayetoka kazini saa kumi na mbili hiyo haimfai. Tui la pakiti linapika, ladha yake tu ni nyingine.

Kuosha ni kwa aliyekuna. Sugua chuma kwa maji moto, kikaushe, ukipake mafuta ya nazi kisishike kutu. Mbao usiziloweke, maungio hulegea. Halafu ikunje, uiweke juu ya kabati, si nyuma ya mlango: mtoto anayetambaa huko ndiko anakokwenda kwanza.