Beberu mwenye taji: nilivyomtafuta babu Mwairishi nikiwa Nairobi

Nimetumia huduma mbili kutafuta alikotoka baba wa nyanya yangu, Mwairishi aliyefanya kazi katika reli hapa Nairobi hadi alipofariki mwaka 1938. Ya kwanza ilinigharimu dola 380, ambazo kwa bei ya siku ile zilikaribia shilingi 50,000, na ikaniletea babu wa watu wengine. Ya pili ni ya taasisi za serikali ya Ayalandi, haitozi chochote, na ilinifikisha hadi kwenye idadi ya madirisha ya nyumba alimokulia. Hiyo ya pili ndiyo ninayotaka kuieleza, ingawa siwezi kuieleza bila kuigusia ya kwanza.

Kampuni hiyo ya kwanza sitaitaja kwa sababu bado tunadaiana. Unajaza jina, mwaka wa kuzaliwa hata kama ni wa kukisia, na nchi. Unalipa kwa kadi. Kisha mtafiti wao anakuandalia ukoo mzima katika wiki sita. Nilichopokea ni faili la kurasa 31 lenye rangi za kupendeza, na ndani yake mlikuwa na mtu wa jina lile lile, mzaliwa wa Cork, aliyeteremka melini Ellis Island, New York, mwaka 1909. Nilipowaandikia kwamba babu yetu hakuwahi kukanyaga Marekani na kwamba kaburi lake liko Nairobi, walinijibu kwa adabu kwamba huenda alipitia huko kwanza. Chanzo cha kosa lao kinaeleweka. Njaa Kuu ya kati ya 1845 na 1852 iliua watu wapatao milioni moja na kuwatoa kwao wengine kama milioni moja, wengi wakielekea Marekani, Kanada na Uingereza, na biashara ya nasaba ikajengwa ili kuwahudumia vitukuu vya hao. Kitukuu wa Pumwani hakuwahi kutiwa katika hesabu.

Jambo ambalo kampuni haikuniambia, na ambalo nililigundua kwa kujikwaa, ni kwamba jina na nchi havitoshi kamwe. Jina la ukoo la babu limejaa kusini mwa Ayalandi kama Kamau alivyojaa Murang'a, na nchi yenyewe imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000, kila kimoja kikiwa na jina lake na baadhi yakijirudia kaunti baada ya kaunti. Bila jina la mahali, utafutaji ni kama kumwulizia Otieno mlangoni mwa stendi ya mabasi ya Kisumu. Na jina la mahali, kwa mtu aliyefia Nairobi, hutafutwa Nairobi.

Nilianzia Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue, ambako mhudumu wa chumba cha kusomea aliniletea majalada ya Gazeti Rasmi la Serikali kabla hata ya chai ya saa nne. Humo hutangazwa mirathi ya marehemu, wadai wakitakiwa wajitokeze, na tangazo la mwaka 1938 lilinipa majina yake kamili pamoja na tarehe ya kifo. Sikujua wakati huo kwamba matoleo mengi ya gazeti hilo yanasomeka mtandaoni bila malipo. Ningejua, ningeokoa nauli, ingawa nisingeipata ile raha ya kufunua karatasi yenyewe. Nyumbani tulikuwa na kadi moja ya sala, nyuma yake pameandikwa kwa kalamu jina la dada yake. Mahali, hakuna.

Mahali tulipewa na mbuzi. Nyanya alizoea kutusimulia kwamba kwao baba yake, kila Agosti, watu walimshika beberu, wakamvika taji na kumpandisha juu ili wamshangilie. Sisi wajukuu, tuliosomeshwa historia ya ukoloni hadi ikatutoka masikioni, tulijua beberu wa aina moja tu, tukaamini kwamba babu alikuwa akimcheka mfalme wa Uingereza kwa mafumbo. Mama ndiye aliyeuliza jioni moja, huku akichambua mchele, "Na kama alikuwa mbuzi kweli?" Alikuwa mbuzi kweli. Killorglin, mji mdogo wa kaunti ya Kerry ulio kando ya mto Laune, hufanya gulio liitwalo Puck Fair tarehe 10, 11 na 12 Agosti kila mwaka, na beberu wa mwituni kutoka milimani hutawazwa kuwa mfalme wa gulio hilo. Lile neno "kilogilini" ambalo nyanya alilitaja mara kwa mara, nasi tukadhani ni kipimo cha bidhaa fulani ya zamani, likapata maana papo hapo.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya siku tatu. Tovuti ya irishgenealogy.ie ina picha za kurasa halisi za rejista za serikali: vizazi vya zaidi ya miaka 100 iliyopita, ndoa za zaidi ya miaka 75 na vifo vya zaidi ya miaka 50. Uandikishaji wa wananchi wote ulianza tarehe 1 Januari 1864, kwa hiyo mtu aliyezaliwa mwaka 1889, kama babu yetu, hana budi kutafutwa humo kwanza. Kerry ina bahati ya ziada, kwa kuwa rejista za ubatizo za Kikatoliki za kaunti hiyo zimenakiliwa katika tovuti hiyo hiyo, jambo ambalo kaunti nyingi hazina. Nilimpata mara mbili, na mara zote mbili wazazi walikuwa wale wale, ila kulikuwa na kasoro moja iliyonichekesha: kanisa linasema alibatizwa siku nane kabla ya serikali kusema amezaliwa. Wazazi waliochelewa kumwandikisha mtoto walitozwa faini, basi wengi waliisogeza mbele tarehe ya kuzaliwa wakanusurika. Yeyote aliyewahi kumwona mzee wa Kenya mwenye kitambulisho cha tarehe 1 Januari hatashangaa.

Utamu wenyewe umo katika sensa. Sensa za mwaka 1901 na 1911 ndizo za zamani zaidi zilizosalia zikiwa kamili, na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Ayalandi imeziweka mtandaoni bure, fomu kwa fomu. Katika ile ya tarehe 31 Machi 1901 nilimkuta babu akiwa na miaka 12, mwanafunzi, anajua kusoma na kuandika. Dada yake wa kwenye kadi ya sala yuko mstari wa chini yake. Wazazi wameandikwa kuwa wanazungumza Kiairishi na Kiingereza, ilhali safu hiyo kwa watoto imeachwa tupu, na hivyo katika karatasi moja unaiona lugha ikikatika kati ya mama na mwanawe. Baba hakusaini: pana alama ya X na maneno ya mwandishi kwamba hiyo ndiyo alama yake. Fomu ya pili ni ya nyumba, ambayo hupewa alama kama mtihani: kuta za mawe hupata 1, za udongo 0, paa la vigae hupata 1, la nyasi 0, kisha vyumba na madirisha ya mbele huhesabiwa. Nyumba yao ilikuwa na kuta za mawe, paa la nyasi na madirisha mawili.

Mwaka 1911 baba huyo, aliyekuwa na miaka 58 mwaka 1901, ametimiza 71. Miaka 10 imempitia 13, na sababu ni kwamba tangu Januari 1909 serikali ilikuwa ikilipa pensheni ya uzeeni kwa waliofikisha miaka 70. Fomu hiyo pia ilimwuliza kila mke amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Mama yake babu alijibu 9 na 6.

Zaidi ya kizazi hicho njia inakuwa nyembamba. Ofisi ya kumbukumbu iliyokuwa Four Courts, Dublin, iliungua tarehe 30 Juni 1922 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851 ikateketea. Zile za 1861 hadi 1891 serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuziharibu. Kinachobaki ni orodha ya wapangaji wa ardhi iitwayo Griffith's Valuation, ya kati ya 1847 na 1864, ambayo humtaja mkuu wa kaya peke yake. Anayeanza utafutaji kama huu atatumia kompyuta, kwa kuwa mwandiko wa karani wa karne ya 19 kwenye skrini ya simu ni adhabu, na asishangae rejista za kanisa zikimwita James Jacobus, maana mapadri waliandika kwa Kilatini.

Watu huniuliza kuhusu pasipoti. Sheria ya Ayalandi humruhusu mtu ambaye babu au bibi yake alizaliwa huko aombe uraia, kwa hiyo mama anastahili. Mimi sistahili, kwa sababu hakuwa amesajiliwa kabla sijazaliwa. Lakini mama naye anatakiwa aonyeshe cheti cha kuzaliwa cha nyanya chenye jina la baba. Nyanya alizaliwa Nairobi mwaka 1931 na hakuwahi kuwa na cheti. Kilichopo ni rejista ya ubatizo wake, ambamo safu ya baba imepigwa mstari mfupi wa wino.

Ile kampuni ya dola 380 iliahidi kunirudishia nusu ya pesa ndani ya siku 14. Leo ni siku ya 61.